Kila Hati na Mahali Pake

Katika barabara kuu ya Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, pale ambapo malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam na shehena za Zambia na Kongo hupanga foleni kuelekea kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, yuko kijana mmoja, mtunga programu, ambaye kazi yake haionekani na wapitao wala haisifiwi na wanaoitumia, nami nimeona kuwa ni wajibu wangu kuisifu. Kijana huyu huwatungia mawakala wa forodha programu za kutunza nyaraka zao. Na katika kazi hiyo, ambayo wengine wangeimaliza upesi na kudai ujira wao, yeye hutumia wakati wake mwingi katika jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa dogo, yaani kile kidirisha kinachotokea mtu atakapo kufungua faili au kulihifadhi.

Nilimtazama akikifanyia kazi. Lugha aitumiayo ni Java, na maktaba yake ya madirisha, iitwayo Swing, ilienea tangu mwaka 1998 pamoja na kidirisha chake cha kuchagulia mafaili. Lakini kidirisha hicho, kisipoelekezwa, hufunguka mahali pale pale pa desturi, hata kama karani alikuwa akifanya kazi kwingineko dakika moja iliyopita, na tena hakimwulizi mtu neno kabla ya kuandika faili jipya juu ya la zamani lenye jina lile lile, ila mtunga programu awe ameliongeza swali hilo kwa mkono wake mwenyewe. Wengi hawaliongezi. Kijana wa Tunduma ameliongeza, na kidirisha chake humwonyesha karani mafaili yote mawili, saa na tarehe ya kila moja na ukubwa wake, kisha humpa kitufe cha tatu cha kulihifadhi lile jipya kwa jina jingine bila ya kuligusa la kwanza. Fauka ya hayo, amekifundisha kukumbuka: karani akiwa katika kabrasha la mteja fulani, kidirisha hufunguka katika kabrasha hilo, akiandika herufi mbili za mwanzo, orodha hujichuja, na jina la faili hupendekezwa tayari, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kisha namba ya kontena, ili mafaili yapangwapo kwa majina yawe yamejipanga pia kwa tarehe. Nilipomwuliza kwa nini nafasi ya kuandikia jina imekuwa ndefu namna ile, hata imekula upana wa dirisha zima, alinijibu kwamba namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na kwamba jina lisiloonekana lote halisomwi.

Jibu hilo lilinikumbusha masjala. Zamani, Mbozi ilipokuwa bado wilaya ya mkoa wa Mbeya, kabla ya kuundwa mkoa wa Songwe mwaka 2016, nilikuwa nikienda mara kwa mara katika ofisi moja ya umma wilayani humo ambako karani wa masjala, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyejua kila karatasi ilipolala. Barua ikiingia aliigonga muhuri wa tarehe, akaisoma yote hadi saini, akalitoa jalada lake, akaitoboa, akaipitisha katika uzi wa kijani wenye ncha za bati, kisha akaandika namba ya folio kwa wino mwekundu katika pembe ya juu, baada ya kuitazama kwanza namba iliyotangulia. Jalada likitoka kwenda kwa mkubwa, kadi ilibaki kueleza limekwenda kwa nani na siku gani. Likinenepa, lilifungwa na la pili likafunguliwa, kila moja likimtaja mwenziwe. Lakini lililonivutia kuliko yote ni kule kusita kwake kila alipotakiwa kufungua jalada jipya: kalamu ilisimama juu ya ganda tupu, na mzee akanyamaza kitambo, akimfikiria mtu ambaye hajamwona, atakayekuja baada ya miaka kumi kulitafuta jambo hilo ilhali yeye mwenyewe ameshastaafu au ameshafariki, na akijiuliza mtu huyo atalitafuta kwa jina gani. Katika kitambo kile ndimo ulimokuwa ustadi wake wote, na sidhani kwamba kuna mkubwa yeyote aliyepata kumshukuru kwa ajili yake.

Waliobuni kompyuta za ofisini walizijua masjala za namna hii. Mashine ya Xerox Star, iliyotoka Marekani mwaka 1981, ilichora juu ya kioo chake majalada na makabati ili mwenye kuitumia asijione mgeni, na kompyuta zilizofuata zimerithi picha hizo. Walilichukua jalada, wakalichukua na kabati, ila karani hawakumchukua. Na kazi yake yote ya kusita, kuuliza na kutaja jina ikaachiwa kidirisha kimoja ambacho watunga programu wengi hukiazima kilivyo na kukipachika bila ya kukitazama mara mbili. Kwa miaka mingi, katika mfumo wa kompyuta wa DOS, jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane na tatu za mwisho, na ni nani awezaye kumwelekeza mtafutaji wa kesho kwa herufi nane? Windows 95 ilikilegeza kifungo hicho. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyosema na mtumiaji wake kwa Kiswahili, jambo la fahari ambalo halikupewa taadhima liliyostahili. Kidirisha chenyewe, hata hivyo, kilisubiri: katika mwaka huo huo watumiaji wa Linux waliomba kwamba kidirisha cha GTK, maktaba yao ya madirisha, kiwaonyeshe picha ndogo za mafaili ndani ya orodha yake. Haja yao ilitimizwa mwaka 2023, katika toleo la 44 la GNOME, mazingira ya kazi yanayoitumia maktaba hiyo. Miaka yote hiyo mafundi hodari walikuwako, na mengi mengine yalitengenezwa.

Kwa Tunduma picha hizo si pambo. Wakala hupiga kwa simu picha ya lakiri ya kila kontena, na simu huipa picha hiyo jina la tarakimu tupu, basi mwenye kutafuta lakiri moja miongoni mwa mia asizoweza kuziona hulazimika kuzifungua moja moja, ilhali dereva amekaa kivulini mwa lori lake akisubiri. Nimeona ofisi ambamo ankara, hati za njia na matamko ya forodha yote yamerundikwa juu ya uso wa kompyuta, moja likiitwa "mpya", la pili "mpya ya mwisho", la tatu "mwisho kabisa". Na ikihitajiwa hati ya mwaka jana, karani hapekui kabati, bali humwandikia mteja kwa WhatsApp kumwomba aitume tena. Siwalaumu makarani. Wamepewa chombo kisichowauliza lolote la maana, na katika mafunzo ya kompyuta walionyeshwa kitufe cha kuhifadhi bila ya kuonyeshwa namna ya kuchagua jina. Na hao wenye simu tu, ambao idadi yao yazidi kila siku, mara nyingi hawaulizwi hata faili liwekwe wapi.

Ofisi moja ilimwomba kijana aliondoe lile swali la onyo, kwa kuwa liliwachelewesha makarani wake. Alilisikitikia ombi hilo, lakini alilitii, kwani programu ni yao na wameilipia. Hata hivyo aliwaomba ruhusa ya kuweka badala yake utaratibu unaohifadhi katika kabrasha la pembeni nakala ya kila faili lililoandikwa juu yake, nao wakamkubalia. Kisha akapita meza kwa meza, akamwonyesha kila karani kabrasha hilo lilipo.