Jina la Kijiji Linapokatwa Mkia

Chukua ramani ya msitu wa kijiji, tuseme wa Mitole, wilayani Kilwa. Kwenye jedwali lake weka safu mbili: jina_la_kijiji na jina_la_kitongoji. Ihifadhi kama Shapefile, kisha uifungue tena kwenye programu ya ramani ya QGIS. Utakuta jina_la_ki na jina_la__1. Kijiji kimekatwa mkia, kitongoji kimegeuzwa namba.

Chanzo ni ukongwe. Shapefile, ambayo kampuni ya Esri ilichapisha maelezo yake mwaka 1998, huhifadhi jedwali kwa muundo wa dBase, na humo jina la safu halizidi herufi 10. Kuongeza nafasi si kazi. Kazi ni programu chungu nzima za zamani zinazohesabu baiti kwa mpangilio uleule. Ukisogeza kitu kimoja, zote zinapotea njia. Wengi huicheka Shapefile. Mimi siicheki: ramani ya mwaka 1998 inafunguka leo bila ugomvi, na huku kwetu hilo si dogo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, hapahapa Kilwa, ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na mti wa mpingo unaovunwa humo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Mche wa leo utavunwa na wajukuu, ramani mkononi.

GeoPackage, muundo mpya zaidi wa kuhifadhi ramani, ilipokuja mwaka 2014 iliamua kukaa juu ya hifadhidata ya SQLite, na SQLite ina ufundi ninaoupenda. Ndani ya baiti 100 za mwanzo wa faili, baiti ya 18 na ya 19 (ukihesabu kuanzia sifuri) hubeba namba mbili: ya kuandika na ya kusoma. Programu ya zamani ikikuta namba ya kuandika imeipita lakini ya kusoma inaijua, hufungua faili kwa kusoma tu. Ni mgeni anayekaribishwa barazani, chumbani haingii.

GeoPackage yenyewe iliteleza mwanzoni. Toleo 1.0 lilijitambulisha kwa herufi nne, GP10, toleo 1.1 kwa GP11. Jina na namba vilishonwa pamoja, hivyo kila toleo jipya lilikuwa na sura ngeni kwa programu zilizotangulia, hata pale majedwali ya ndani yalipokuwa yaleyale. Toleo 1.2 likavitenganisha: jina likawa GPKG, namba 10200 ikawekwa mahali pake. Badiliko hilo nalo liliwashtua wasomaji wa zamani, ila toleo 1.3 lilipofika, jina halikuguswa. Namba ndiyo iliyosogea.

Kinachouma bado ni flashi. QGIS ikiwa wazi, marekebisho hukaa kwanza kwenye faili la pembeni lenye mkia -wal, na zile baiti mbili husomeka 2. Mtu akinakili faili kuu la .gpkg peke yake kwenye flashi wakati huo, mpaka aliouchora asubuhi unaweza kubaki kwenye kompyuta. Afunge QGIS kwanza. Ikifungwa vizuri, marekebisho huingizwa kwenye faili kuu, lile la pembeni hufutwa, na baiti hurudi 1, namba ambayo hata SQLite ya kabla ya mwaka 2010 inaifahamu.