Dakika Saba Zilizokatwa Lumino

Picha kubwa iliyotundikwa kwenye ukumbi wetu wa vijana hapa Kiryandongo imependwa, na imestahili. Watoto wanaigusa kwa vidole, wazee wanaisogelea kwa miwani, na wageni wa mashirika wanaipiga picha kwa simu zao. Chini yake pameandikwa: "Utulivu wa Usiku, Lumino." Nina maneno mawili ya kusema. La kwanza, picha hii ni nzuri kuliko nyingi za aina yake. La pili, maandishi yake si ya kweli, na ushahidi uko juu angani, ndani ya picha yenyewe.

Kwa asiyepajua, Lumino ni kituo cha biashara wilayani Busia, Uganda, kwenye barabara itokayo mji wa Busia kuelekea Majanji, ziwani. Mpiga picha ni kijana wa hapa kambini aliyekwenda huko kuona jamaa zake. Mwishoni mwa Novemba, usiku usio na mwezi, alisimamisha kamera upande wa magharibi wa barabara, akaielekeza mashariki. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tano akapiga picha 240, kila moja lenzi ikiwa wazi sekunde 30. Baadaye akazirundika kwenye kompyuta, picha juu ya picha, kwa programu ya bure iitwayo StarStaX.

Kwa nini asiache lenzi wazi saa mbili mfululizo? Zamani kwa filamu watu walifanya hivyo. Kwa kamera ya dijitali, kihisio kikifanya kazi muda mrefu hupata joto na kujaza picha vidoa, na mwanga wa mbali hujilimbikiza mpaka anga linakuwa jeupe kama uji. Ukipiga nyingi fupi, kila moja inabaki na giza lake. Nyota husogea nyuzi 15 kwa saa, au tuseme dunia ndiyo inazunguka, kwa hiyo vipande 240 vikiungana kila nyota inachora mstari.

Sasa sifa. Ndugu msomaji, umeshaziona zile picha za kwenye kalenda: hema moja au mti mmoja, na juu yake miduara mizima ya nyota kama sahani ya santuri. Miduara ile ni ya watu wa kaskazini, ambao nyota yao ya ncha iko juu angani na nyota nyingine zinaizunguka bila kuzama. Sisi tuko karibu na ikweta. Lumino iko chini ya nusu nyuzi kaskazini ya mstari huo, na kambi za Dadaab kule Kenya ziko karibu juu ya mstari wenyewe. Huku ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho. Ukitazama kaskazini au kusini unapata nusu duara tu, na ukitazama mashariki nyota zinapanda wima. Mtu akikuonyesha miduara mizima juu ya hema akakwambia ni Dadaab, mwulize aliipigia wapi.

Kijana wetu hakuazima anga la wengine. Katikati ya picha zile nyota tatu zinazopangana zimechora mistari mitatu sambamba iliyosimama wima. Za kushoto zinapinda kuelekea kaskazini, za kulia kuelekea kusini, kama nywele zilizogawanywa kwa kitana. Hilo ndilo anga la kwetu.

Na mashariki ya Lumino ni wapi? Ni Kenya. Wengi wetu hapa, au wazazi wetu, tulivuka Busia na Malaba baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, tukakaa Mulanda, Tororo, kisha tukaletwa Kiryandongo. Kwa Wasamia mambo ni ya zamani zaidi: wako pande zote mbili za mpaka, na mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliukata mkoa wa mashariki wa Uganda ikautia upande ambao leo ni Kenya. Kwa hiyo nyota za picha hii zinachomoza nyumbani kwa watu. Mzee mmoja aliitazama kimya, kisha akasema tu, "Zinatoka kwetu." Sijasikia uhakiki bora kuliko huo.

Basi kosa liko wapi? Tuanze na namna programu inavyorundika. Inachukua nukta moja, inailinganisha kwenye picha zote, kisha inabakiza ile yenye mwanga zaidi. Nyingine zote zinatupwa. Nyota inabaki kwa sababu inang'aa. Mwembe unabaki mweusi kwa sababu haukubanduka mahali pake saa zote mbili. Lakini mtu aliyepita bila tochi, hata kama aliziba nyota kwa nusu dakika, atafunikwa na mwanga wa picha 239 nyingine. Hakuna aliyemfuta kwa mkono. Hesabu ndiyo imemfuta. Wanaobaki ni wa namna mbili: mwenye taa na asiyesogea.

Jambo hili ni la zamani kama picha zenyewe. Mwaka 1838, Mfaransa Louis Daguerre alipiga barabara yenye shughuli nyingi mjini Paris. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, kwa hiyo barabara ikatokea tupu. Magari ya farasi na wapita njia hawaonekani. Anayeonekana ni mtu aliyesimama anang'arishiwa viatu. Alitulia, basi akaingia katika historia. Wengine walikuwa na safari zao.

Sisi ni watu wa safari. Ndiyo maana nawaomba hasa nyinyi wa mashirika mwe macho na picha za namna hii. Mahali palipojaa watu panaweza kutoka patupu bila mtu kusema uongo hata mmoja. Uongo unaingia pale tunapoandika "utulivu" chini yake.

Na katika picha hii kuna zaidi ya hesabu. Sogea karibu. Kila mstari wa nyota, baada ya kupanda kama theluthi ya urefu wake, umekatika. Ni pengo dogo jeusi, kisha mstari unaendelea. Mistari yote, kaskazini hata kusini, imekatika kwa wakati mmoja. Mawingu hayakati hivyo, yangeziba upande mmoja kwanza. Pengo lile ni karibu nyuzi moja na robo tatu, yaani pana mara tatu na zaidi ya mwezi mpevu. Kwa mwendo wa nyota, hizo ni dakika saba.

Nilimwuliza mwenyewe, akanijibu bila kuficha. Aliondoa picha 14. Kwenye hizo, bodaboda ilisimama barabarani mbele ya kamera, cheni imetoka. Dereva akachuchumaa, abiria wawili wakamulika kwa simu, mmoja akawa anazunguka na taa yake huku na huku. Ukiziacha ndani, mwanga ule unachora mafundo meupe chini ya mwembe. "Ilikuwa inaharibu," akasema.

Hapo ndipo tunapoachana. Dakika zile saba ndizo zilizokuwa na watu wenye taa, watu ambao hata programu isingeweza kuwafuta. Walitimiza sharti. Ikabidi watolewe kwa mkono ili usiku uitwe mtulivu. Anga likakataa: likaacha kovu kwenye kila nyota.

Najua jibu la upande wa pili, tena ni zito. Mtu wa kambini ana haki ya kutoonekana. Wako waliovuka usiku bila tochi kwa makusudi, na kamera iliyowakosa iliwatendea wema. Tumechoka pia na sura zetu kubandikwa kwenye ripoti bila kuulizwa. Nakubali yote. Naona kabisa kwamba picha ya kurundika ni ya heshima kwetu kuliko nyingi, maana inaonyesha saa mbili za maisha ya mahali bila kuonyesha uso wa mtu. Lakini wale wa bodaboda hawakuwa na uso kwenye picha zile 14. Walikuwa mwanga tu. Kuwaacha kusingemfichua yeyote. Kumlinda mtu ni jambo moja, na kumfagia kama takataka ni jingine.

Mfano mzuri upo. Mwaka 2012 mwanaanga wa Marekani Don Pettit alirundika picha za sekunde 30 akiwa kwenye kituo cha anga za juu, kinachokwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Nyota zikachora mistari juu, na chini taa za miji zikachora michirizi ya rangi ya chungwa, pamoja na madoa ya radi. Hakuzisafisha taa za watu ili nyota zipendeze. Picha zake zina nguvu kwa sababu hiyo hasa.

Nasi tunalo somo letu karibu. Kutoka Lumino endelea na barabara mpaka Majanji, tazama kusini usiku usio na mwezi. Ni usiku uleule wanaoutaka wavuvi wa mukene, ambao sisi tunawaita omena, kwa sababu samaki hao huvutwa na taa na mwezi ukiwaka taa haifai kitu. Ukirundika picha pale utapata nusu duara za nyota juu ya maji, na chini yake michirizi mifupi ya taa za mitumbwi inayosukwasukwa. Atatokea mtu wa kukwambia uifute. Usiifute. Ile ni kazi ya watu, na wengine watakula samaki hao kesho.

Ombi langu kwa kijana wetu, na kwa kamati ya ukumbi, ni dogo. Picha isishushwe. Picha zile 14 bado anazo, azirudishe, arundike upya zote 240, na zitundikwe mbili kando kwa kando tujionee. Na chini iandikwe kilichotendeka: "Lumino, kutazama mashariki, Novemba, saa tatu hadi saa tano usiku. Picha 240. Bodaboda ilitoka cheni, ikatengenezwa. Wengine walipita bila taa."