Fidia Isiyolipwa: Juu ya Istilahi za Kihisi cha Oksijeni

Tumesoma mwongozo wa mafundi magari uliofasiriwa kwa matumizi ya gereji za Mapinga, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo. Kiswahili chake ni chepesi, nasi twampongeza mfasiri, hasa kwa kuandika ukinzani na oksidi ya metali bila ya kubabaika. Lakini kifaa chenyewe amekiita "sensa ya oksijeni yenye fidia ya joto", na hapo hatuwezi kumfuata.

Sensa tuipite upesi. Neno hilo lina kazi yake ya kuhesabu watu, kama ilivyofanyika Agosti 2022. Neno kihisi lipo, nalo latosha. Joto nalo ni nishati, ilhali halijoto ni kiwango kisomwacho kwa digrii (ingawa kipimajoto kimekwisha kuota mizizi na kasoro hiyohiyo).

Dosari kubwa imo katika fidia. Wilayani Bagamoyo neno hili husikika katika habari za ardhi iliyotwaliwa: yupo aliyepata hasara, na yupo apaswaye kumlipa. Ndani ya kihisi hapana malipo. Kipande cha oksidi ya titani huwekwa katika moshi wa injini. Oksijeni ikipungua ukinzani wake hushuka, ikizidi hupanda. Taabu ni kwamba halijoto nayo huubadili ukinzani uo huo. Kwa hiyo kipande hicho huunganishwa kwa mfululizo na kikinza cha pili, cha oksidi ileile iliyoshindiliwa hata isiathiriwe upesi na oksijeni. Halijoto ikibadilika, vyote viwili hubadilika pamoja na uwiano wao hukaribia kubaki vilevile. Oksijeni ndiyo iuvurugayo.

Wapo wenzetu wapendekezao "usawazisho wa halijoto". Hatuafiki. Asomaye hivyo atadhani halijoto yenyewe hushikiliwa mahali pamoja, naye ataanza kutafuta hita. Na kwa kuwa vipo vihisi vyenye hita, fundi aweza kukosa kuiona akadhani kifaa ni kibovu, mwenye gari akanunua kingine bure. Kinachoondolewa ni athari ya halijoto, wala si halijoto. Kiswahili kina tangua, litumikalo kwa ndoa na kwa amri. Twapendekeza "kihisi oksijeni kitanguacho athari ya halijoto". Ni refu, na walimu watanung'unika. Lakini kile kikinza cha pili chaweza kuitwa kitanguzi, na katika maelezo ya michoro neno hilo moja litatosha.