Kuweka Ahadi Inayopimika

Seva yaweza kuwa nzima ilhali huduma imekufa. Kwenye dashibodi kila kitu ni kijani, diski ina nafasi, prosesa imetulia. Na dakika hiyohiyo mama muuza samaki amekwisha funga mzigo, mteja ameingiza namba ya siri, na ujumbe wa kuthibitisha malipo hauji. Ufundi ninaousifu hapa unaanza pale mhandisi anapoamua kwamba shahidi wa kuaminiwa ni yule mama.

Ndio ufundi wa kuweka malengo ya kiwango cha huduma. Unachagua kwanza jambo ambalo mtumiaji analihisi: katika maombi yote ya malipo, ni mangapi yamejibiwa sawasawa, tena ndani ya sekunde tatu? Unahesabu langoni, pale maombi yanapogawiwa seva, maana ombi lililopotea njiani seva haiwezi kulisimulia. Wala huridhiki na wastani. Maombi 99 yakijibiwa kwa sekunde 0.2 na moja likachukua sekunde 20, wastani hautafika hata nusu sekunde. Ripoti itapendeza, na yule mmoja atakuwa amekwisha kata tamaa. Kwa hiyo fundi mzuri huangalia wale wa mwisho kwenye foleni, na hapo ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii.

Kisha huja uamuzi mgumu: kuruhusu makosa. Ukiahidi asilimia 99.9 kwa siku 30, umejiachia kama dakika 43 za huduma kukatika. Ukiongeza tisa moja, zinabaki dakika nne na ushei. Aliye zamu hajafungua hata kompyuta, zimekwisha. Asilimia 100 haina maana, kwa sababu simu ya mteja na mtandao wake havifikii huko. Lazima basi watu wakae, wabishane, wakubaliane ni kiasi gani kinamtosha mtumiaji, na wakiandike kabla mambo hayajaharibika.

Kiasi hicho cha makosa kinakuwa bajeti. Mwaka 2003, ndani ya Google, Ben Treynor Sloss alianzisha kikosi cha wahandisi wa uthabiti wa mifumo, na kitabu chao cha 2016 kinaeleza jinsi bajeti hiyo inavyomaliza ugomvi wa siku zote kati ya wanaotaka kutoa vipya na wanaolinda vilivyopo. Bajeti ikibaki, toeni. Ikiisha, mabadiliko yanasimama, watu wanarudi kutengeneza. Mwenye cheo hahitaji kupaza sauti.

Bajeti hiyo ndiyo inayoamua pia nani aamshwe. Asilimia mbili ya bajeti ya mwezi ikiliwa ndani ya saa moja, kwa mwendo huo yote itakwisha kwa saa 50. Kengele ilie, hata kama ni saa tisa usiku. Ikivuja kidogokidogo, suala liandikwe lingoje asubuhi. Mtu anayeamshwa kwa kila kelele hatimaye huacha kusikiliza, na usingizi wake ni sehemu ya afya ya mfumo kama ilivyo diski.

Lakini linalonivutia kupita yote ni habari ya Chubby, mfumo wa ndani wa Google unaotunza kufuli ambazo mifumo mingine huzitegemea. Ulikuwa karibu haukatiki kabisa, hata wahandisi wa mifumo mingine wakajenga juu yake kana kwamba hautakatika kamwe. Siku ulipokatika, huduma zao nazo zikaanguka. Wahandisi wake wakaamua hivi: robo mwaka ikipita bila hitilafu ya kweli kuushusha chini ya lengo, wanauzima wenyewe, kwa makusudi na kwa mpango. Aliyeuegemea kupita kiasi anagundua mapema, mchana, wahandisi wakiwa macho na mkono uko kwenye swichi ya kuuwasha tena.