Nanga Haihitaji Biti

Tuanze pale alipoinua kidevu. Mliokuwa kwenye harusi ile ukumbini Kayanga mnakumbuka, na ambao hamkuwepo mmeshaiona kwenye simu, maana kipande hicho ndicho kilichosambaa Karagwe na Kyerwa yote. Kijana ameinama juu ya nanga, ala yetu ya nyuzi, uzi mmoja tu ndio unaolia, ukumbi umetulia. Kisha anainua kidevu kuelekea kulia, anamkonyeza mwenzake aliyekaa nyuma ya laptopu, na biti inaingia. Watu wakaruka. Viti vikaanguka. Noti zikaanza kutafuta paji la uso wake. Kila aliyenitumia video hiyo ameisindikiza na sifa: kijana moto, kijana hatari, kijana ameifufua nanga.

Mimi nasema pale ndipo alipoiua, tena kwa mkono wake mwenyewe, wakati alikuwa ameshaibeba karibu hadi mwisho.

Ufunguzi ulikuwa safi, sauti ilikaa, na fundi mitambo safari hii alijua maiki ya nanga inawekwa wapi. Tuendelee.

Wimbo wenyewe ni wake, kautunga kwa Kinyambo, na unahusu butura. Wasomaji wa mbali wachukulie kuwa butura ni ndugu wa kangomba ya korosho: mkulima ana shida leo, kahawa bado ua mtini, anakuja mwenye hela anainunua ikiwa bado ua, kwa bei anayoitaka yeye. Msimu ukifika, mwenye shamba anavuna mali ya mtu mwingine kwenye ardhi yake mwenyewe. Hakuna nyumba huku kwetu isiyokuwa na kisa cha butura, ndiyo maana ukumbi ulinyamaza mapema. Baba katika wimbo ameuza maua ili alipe ada ya mtoto. Mvua imenyesha vizuri, matawi yameinama kwa uzito, na hapo ndipo uchungu unapoanza, kwa sababu kila neema ya mvua ni faida ya mwingine.

Sasa mwenye hela amefika na mizani yake. Mizani inatundikwa kwenye mti. Gunia la kwanza linapanda. Hapa kijana alifanya jambo ambalo sijalisikia kwa mpiga nanga yeyote wa umri wake: aliacha kuimba akaanza kuhesabu. Hakutaja namba. Kila kilo ilikuwa mdonoo mmoja wa uzi wa chini, na kati ya mdonoo na mdonoo nafasi ilizidi kurefuka. Unasikia mdonoo, unangoja. Mwingine, unangoja zaidi. Mama mmoja aliyekaa karibu na ukuta alikuwa akiitikia kwa sauti ya chini, "Waitu... waitu...", na kijana akawa anamngoja yule mama kabla ya kugusa uzi tena. Sikilizeni video kwa makini, mkiondoa kelele za huyo anayerekodi: mama na uzi wanapokezana. Yule mama hakujua kwamba ameshaingia kwenye wimbo. Katika fani hii hakuna cheo kikubwa kuliko hicho, kumfanya msikilizaji awe mtambo wako wa kupimia muda bila yeye kujua.

Mizani inakaribia kusimama. Tunakaribia kujua baba amepoteza kiasi gani. Kidevu kinainuka, biti inaingia.

Mizani ilisoma nini? Mpaka leo hatujui. Kijana aliruka moja kwa moja kwenye kiitikio, akakirudia, akakirudia, watu wakicheza, na baba wa watu ameachwa chini ya mti na gunia lake hewani. Hadithi iliyojengwa kwa jasho ikatelekezwa kwenye sentensi ya mwisho, na sisi tukapiga makofi.

Nataka tulitazame kosa hili kama mafundi, maana najua nitaambiwa ni wivu wa wazee. Mpiga nanga wa peke yake ana mali moja ambayo bendi haina: muda ni wake. Anaweza kusimama katikati ya neno, kukimbia mistari kadhaa kwa pumzi moja, kisha kusinzia kwenye silabi. Utendi wa nanga umejengwa kwa kupanda na kushuka huko, kuimba kukigeuka kusema na kusema kukirudi kuimba. Biti haimsubiri mtu. Ikishaingia, mwenye muda ni laptopu, na mwimbaji anakuwa kibarua wake. Kuikabidhi mashine muda katika dakika ambayo kila kitu kilitegemea kungoja, huo ni uamuzi mbaya hata kama ukumbi mzima ungebebwa juu juu.

La pili ni sauti. Nanga ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo, na nyuzi zake saba au nane ni uzi mmoja mrefu uliopitishwa kwenda na kurudi. Ukikaza hapa, jirani yake anahisi. Kwa hiyo mpigaji anaitega nanga kufuata koo lake la siku hiyo, si kufuata kinanda cha mtu. Ile biti ya kupakua, ambayo nina hakika nimeshaisikia kwenye tangazo la pikipiki, ilikuwa juu kidogo kuliko nanga. Masikio ya kijana ni mazuri, aliligundua mara moja. Mtazameni mkono: anagusa nyuzi mara mbili tatu, anasikia zinagombana na kinanda, anaacha. Kuanzia hapo hadi mwisho hakupiga tena. Aliikumbatia nanga kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake, mkono mmoja ukiwapungia watu. Wanaosema ameifufua nanga wanirudishie hiyo video na wanionyeshe nanga inalia wapi baada ya biti.

La tatu ni maneno. Kinyambo ni lugha ya toni, neno lina mlima na bonde lake, na watunzi wazuri wanaufuata mlima huo wanapotia mahadhi. Biti ya kuhesabu nne nne ilimlazimisha kupiga rula maneno yote. Kiitikio kilichokuwa kinauma mwanzoni kikawa kelele ya kuchezea.

Na zile noti! Nimeandika kuhusu kutuza mara nyingi na nitaandika tena. Mtu anatembea ukumbi mzima, anasimama mbele ya msanii, anambandika elfu mbili usoni huku akitazama kamera. Zamani tulingoja wimbo uishe. Siku hizi mshereheshaji mwenyewe anawahimiza watu waende jukwaani wakati wowote, na msanii amejifunza kwamba pesa hutoka watu wakisimama, haitoki watu wakinyamaza. Basi kwa kidevu kile tusimlaumu kijana peke yake. Tumemfundisha wenyewe.

Wengine wananiambia kwamba nanga ya peke yake ilikuwa ya watu wachache waliokaa mkekani, haiwezi kushika umati. Hoja hiyo inajibiwa na historia ya Karagwe yenyewe. Mwaka 1861 wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Speke akaendelea Buganda, Grant akabaki kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mguu uliokuwa na kidonda, na kitabu chake cha 1864 ndicho kinachotupa habari. Rumanyika alimtumia mpiga nanga bora nchini. Jamaa aliingia bila kujitambulisha, amevaa Kinyambo, macho yana moto, akaegemeza mkuki wake kwenye paa la kibanda, akatoa nanga kwapani. Akakaa mkekani, akageuza uso pembeni, akaanza kuimba kwamba ametumwa na Mukama, kisha akaimba habari za mbwa mmoja mpendwa, ambaye Grant ameandika jina lake Keeromba. Watu wakajaa. Wakamtaka arudie, akarudia, na Grant anasema wimbo wa mbwa uliimbwa na watu kwa siku kadhaa baadaye.

Zingatieni kipengele kimoja: aligeuza uso. Hakumtazama mgeni wala umati, alisikiliza nyuzi. Na aliutunga pale pale, kwa sababu habari za kutumwa kwa Grant zisingeweza kuwa za kukariri. Mbwa tu! Hakuwa na butura, mizani, wala baba anayedhalilishwa mbele ya wanawe, na bado aliwashika watu kwa siku kadhaa bila spika hata moja.

Wenzetu wa Bukoba wataanza kusema nanga ni ya Wahaya na mfalme wake ni Habibu Selemani. Sibishani sana, ingawa ushahidi wa Grant ni wa kwetu. Habibu alikuwa mlima. Profesa Mulokozi, alipoandika mwaka 1983 kuwauliza wasomi kama wapiga nanga wa Tanzania ni watunzi wa tendi au la, jibu lake lilitokana na watu wa aina ya Habibu. Msomi Ruth Finnegan alikuwa ameandika mwaka 1970 kwamba utendi ni nadra mno Afrika, na mabwana hawa wa nanga walikuwa wamekaa Kagera wakiimba utendi wa Rukiza kwa muda mrefu bila kujua kwamba hawapo. Katika kanda za Habibu nilizozisikia, akifika penye kisu hufanya kinyume cha kijana wetu: anapunguza. Vyombo havizidi, vinapungua. Msikilizaji anavutwa mbele badala ya kusukumwa nyuma kwa kishindo.

Hata walioingia studio za wazungu hawakuuza muda wao. Hukwe Zawose wa Ugogo alirekodi Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis kabla hajajitegemea. Alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, na magitaa ya Brook yamo ndani. Lakini sikilizeni nani anamfuata nani. Mzee anaimba, gitaa linatafuta pa kukaa. Kwetu Kayanga nanga ndiyo iliyokuwa ikitafuta pa kukaa, na haikupata.

Halafu kuna suala la Saida Karoli, ambalo halikwepeki kila tunapozungumzia muziki wa Kagera. Maria Salome ya 2001 ilichezwa na watu wasiojua neno moja la Kihaya, na mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaijenga upya wakaiita Salome. Sina ugomvi na Diamond, alitaka wimbo wa kucheza na akaupata. Ugomvi wangu ni na funzo ambalo vijana wa huku walilichukua, kwamba asili haijakamilika mpaka mtu wa biti aimalizie. Wanasahau kwamba Saida alikuwa ameshaishika nchi nzima miaka kumi na tano kabla ya hapo, kwa Kihaya, kwa ngoma na kwa sauti yake.

Na hao wanaosema biti ndiyo usasa, niwapeleke Uingereza, kwenye roki ile ya nyimbo ndefu zenye vipande vinavyobadilika kasi. Yupo Peter Hammill, mmoja wa walioanzisha bendi ya Van der Graaf Generator mwaka 1967 huko Manchester. Kwa miongo kadhaa amekuwa akipanda jukwaani peke yake, piano au gitaa, basi. Ananong'ona, ananguruma, anavuta mstari mpaka unadhani amesahau, kisha anaurudia kwa ukali. Ukimsikia leo na kesho, wimbo ule ule haufanani. Mashabiki wake humsikiliza kama watu waliokuja kushuhudia jambo la hatari, na mashine zote za dunia zinapatikana mjini kwao. Hawamtaki na mashine. Wanataka kuona kama atafika. Sisi tulikuwa naye wa kwetu, Mnyambo, usiku ule, na alikuwa anafika.

Kijana mmoja kutoka Nkwenda alinijibu kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Sasa msanii ale nini? Ukumbi wa harusi haulipi kimya." Marahaba, mwanangu. Hoja yako ni ya kweli, na ndiyo maana sidai laptopu itupwe Mto Kagera. Nadai mpangilio. Wimbo wa mizani uende hadi mwisho wake: gunia lisimame, namba itajwe, baba aseme neno lake au anyamaze, uzi wa chini ukatike. Watu wakae nalo kidogo, hata wakikohoa. Baada ya hapo ndipo kidevu kiinuke, na biti iingie ikiwa imepandishwa au kushushwa kuifuata nanga. Kazi hiyo mwenye laptopu anaifanya kwa muda mfupi kabla ya onyesho, kama atakubali kukaa na mpigaji nyuma ya ukumbi na kusikiliza nyuzi moja moja. Wacheze mpaka kuku wawike, watuze wanavyotaka.

Nasikia ameshaitwa kwenye harusi nyingine upande wa Kyerwa, na waliomwita wameomba kipande cha biti kianze mapema zaidi kwa kuwa wageni watakuwa wengi. Wenye harusi, nawaombeni jambo moja: mlipeni aimbe mizani mpaka isome. Na wewe mama uliyekaa karibu na ukuta, kama umealikwa, nenda.