Makasha Yaliyopita Igalula

Filamu ya The African Queen iliyotengenezwa na John Huston mwaka 1951, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inasifiwa kila mahali, na mimi sina ugomvi na sifa hizo. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa ajili yake, na aliistahili. Ugomvi wangu ni juu ya meli inayozamishwa mwishoni.

Katika filamu inaitwa Louisa. Meli halisi iliyompa mwandishi wazo hilo ilikuwa Graf von Götzen, iliyopewa jina la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo ilipanda gari moshi. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na kwa kuwa reli hiyo inapita Igalula, basi meli nzima, mkuku, mabamba na boila, ilipita hapa kwetu, mamia ya maili kutoka bahari yoyote. Njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliizoea kwa pembe za ndovu sasa ilikuwa inapitisha meli. Mwandishi wa hadithi angetaka nini zaidi?

Huston hakukitaka. Waafrika wa filamu yake wanaimba kanisani mwanzoni, nyumba zao zinachomwa, wanaswagwa na askari, basi. Baada ya hapo mto ni wa wazungu wawili. Meli ya adui inatokea ziwani ikiwa imekamilika, kana kwamba ilichipua majini.

Jambo linaloniuma ni kwamba filamu hii inajua kuheshimu kazi. Sehemu yake bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni pale ekseli ya rafadha inapopinda, nao wanawasha moto ufukweni na kuinyosha kwa nyundo. Nilipoitazama kwenye video, jirani yangu mmoja mzee, aliyestaafu kazi ya gengi la reli, ambaye mpaka hapo alikuwa akisinzia, aliinuka kitini. “Mwanangu, huyo ni fundi,” alisema. Zilipokuja torpido alikuwa amekwisha kwenda zake.

Sasa fikiri Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter na wenzake wawili, pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hatukuachiwa, wanaunganisha meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70 kwa ribiti, moja baada ya moja, huku vita vimekwisha kuanza. Ilishushwa majini mwaka 1915. Hapo pangetosha filamu nyingine nzima.

Na mwisho wake je? Forester anaacha mashua za Kiingereza ziizamishe. Huston anaipa kazi hiyo African Queen yenyewe. Mashua za kweli, Mimi na Toutou, ziliiteka Kingani mwezi Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ilizamishwa mwezi Februari 1916, lakini Götzen hazikuizamisha. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, Julai 1916, walipokuwa wakiikimbia Kigoma. Watunzi wote wawili walihitaji mlipuko, nao wakautunga. Haki hiyo wanayo, ila waliupata kwa kuacha jambo zuri zaidi: kabla ya kuizamisha, mafundi wale waliipaka mitambo yake grisi nzito, kama watu waliotazamia kurudi.

Hawakurudi wao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mitambo ilikuwa bado yafaa. Mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, mahindi na dagaa kati ya Kigoma na Mpulungu hadi karne hii.