Ndoto ya Msafiri na Kweli ya Mwenyeji

Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari aeleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Ubora wa habari zake ni kuwa Mwafrika ndiye atazamaye, na nchi za mbali ndizo zitazamwazo. Lakini apitaye huona njia, haoni maisha. Msomaji wa Mutuka, mjini Babati, aujua upungufu huo: watalii huiota Tarangire, na tembo walio ndoto yao ndio wawezao kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Basi kila habari ya safari na ipimwe kwa swali hili: mwenyeji akiisoma, atajitambua?